Miundi ya Bluu Kwenye Pipa la Taka

Fridley, Amerika, Jumapili, Agosti inaishia. Joto la kunata, lile linalogandisha nguo mgongoni hata ukikaa mbele ya feni.

Naandika ili nitulie.

Leo nimeshtushwa, na kabla sijapoa nikashtushwa tena, na mshtuko wa mwisho ndio uliobaki kifuani. Wa panzi umeshapita. Huu mwingine sijui utapita lini.

Nianze mwanzo, maana wengine wanaopita hapa kwenye blogu hawanijui. Naitwa Koku, mzaliwa wa Bukoba. Nimeolewa na Swaleh, mtu wa Mombasa, dereva wa basi dogo la hoteli moja kule Bloomington. Kazi yake kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Mimi niko chuoni, nasomea wadudu. Mashangazi wakiniuliza nasema nasomea kilimo, kwa sababu nikitaja panzi wanacheka mpaka wanakaa chini. Mama yangu, aliyekuja kututembelea mwezi uliopita na bado yuko nasi, aliniuliza kama kweli nilipanda ndege nikavuka bahari kuja kusoma panzi, wakati kwetu wamejaa uani.

Panzi wangu mimi ni wa ukoo wa uso-mshazari. Wanaishi kwenye nyika za magharibi, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka hapa, huko wanakolisha ng'ombe na upepo haukomi. Kuwatambua si kazi ya lelemama, wanafanana mno. Kwanza unamtazama usoni kwa ubavuni. Panzi wengine uso umesimama wima. Hawa uso umelala kurudi nyuma, kama mtu anayekwepa moshi wa jikoni. Halafu unamgeuza tumbo juu: katikati ya miguu ya mbele hana kile kinundu walicho nacho panzi wengi. Ukishajua ni wa ukoo huo, ndipo unatafuta ni nani katika ndugu zake, na mara nyingi jibu liko kwenye miundi ya miguu ya nyuma, pale chini ya goti. Kuna wenye miundi ya kahawia. Kuna wa rangi ya chungwa. Na kuna wenye miundi ya bluu, bluu ya wino kabisa.

Msomaji wa Bukoba hapo ameshanusa jambo. Nani mwingine ana uso uliolala hivyo? Senene! Kwa wasiomjua, senene ni ndugu wa mbali wa panzi, anakuja kwa msimu, ananyonyolewa mabawa na miguu, anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na Mhaya akimkosa muda mrefu anaumwa kwelikweli. Ukiwaweka pamoja, senene utamjua kwa vipapasio vyake, virefu kupita mwili. Panzi wangu wana vifupi.

Sasa basi. Jana jioni nilirudi kutoka nyikani na mifuko miwili ya plastiki. Mmoja ulikuwa na panzi wa bondeni, penye nyasi ndefu, mahali ambapo hatukugusa kitu. Wa pili ulikuwa na panzi wa kilimani, penye nyasi fupi. Huko kilimani tulikuwa tumemwaga pumba zilizochanganywa na dawa ya kuua panzi, kisha tukaokota waliokufa. Friza ya maabara ilikuwa imejaa pomoni. Nikasema ah, ni wikiendi tu, nikaisukuma mifuko yangu yote miwili nyuma ya friza ya nyumbani, chini ya samaki. Nilikuwa nimechoka hoi. Nikaoga, nikalala, sikumwambia mtu.

Kosa ni langu, wala simsukumii yeyote.

Leo asubuhi nilikwenda kanisani, kutoka huko nikapitia dukani. Mama hakutoka, alisema goti linamsumbua. Swaleh alikuwa na shifti ya mchana. Nilipokuwa napanda ngazi za jengo letu, harufu ikanipokea kwenye korido. Kitunguu, chumvi, na ile harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua. Nikameza mate! Nikadhani kuna jirani kapata mzigo kutoka nyumbani, nikaanza kutafuta kisingizio cha kumgongea mlango.

Harufu ilikuwa inatoka kwangu.

Mama alikuwa jikoni anakausha sahani, uso umemng'aa. "Umechelewa," akaniambia. "Mkwe wangu amekula amemaliza. Kumbe watu wa Pwani nao wanajua kula!"

"Amekula nini?"

"Si hao senene wako uliowaficha chini ya samaki. Mchoyo wewe."

Jamani. Mfuko wa dukani ukaniponyoka, mayai yakapasuka pale pale mlangoni, na hakuna aliyeinama. Nikampandishia mama sauti, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu nizaliwe. "Mama, wale si senene! Wengine wamekufa kwa sumu!"

Alisimama na taulo mkononi. Akasema vipapasio vilikuwa vimevunjikavunjika kwenye barafu, na kwamba alishangaa kidogo kuona miguu ya senene wa huku ni migumu, lakini si kila kitu cha Amerika ni kigumu? Sura ni ile ile, akasema. Uso ni ule ule.

Siwezi kumlaumu. Mifuko iliyojaa wadudu wa uso uliolala, ndani ya friza ya binti wa Kihaya. Wewe ungedhani nini?

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo hamtaelewa. Zamani kwetu senene walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke anaokota, ananyonyoa, anakaanga, anaandaa, halafu anakaa pembeni. Sisi wa siku hizi tunakula bila hata kukumbuka, lakini mama amebaki na mwiko wa bibi. Nimekua nikimwona akinyonyoa mabeseni kwa mabeseni na sijapata kumwona akitia hata mmoja mdomoni. Kumkaangia mkwe senene kwa mikono yake ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizonazo. Na Swaleh, ambaye akiona mende anapanda juu ya kiti, hawezi kamwe kumrudishia mama mkwe sahani. Nikawaona akilini: yeye anatafuna huku amefumba macho, mama anamtazama kwa furaha.

Halafu nikamwona barabarani, na basi limejaa wageni.

Nikampigia. Hapokei. Bila shaka, akiwa anaendesha hapokei, mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza. Nikatuma meseji: paki pembeni sasa hivi, nipigie.

Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwachagua. Aliimwaga mifuko yote kwenye beseni moja, akachukua wale wa uso mrefu kama senene, wenye vichwa vikubwa akawatupa wazima wazima. Hapo nikapata tumaini. Wenye vichwa vikubwa ni wa kilimani, wa bondeni ndio wenye uso mrefu zaidi! Huenda kala wa bondeni watupu. Lakini tumaini halikudumu hata pumzi moja, maana wa kilimani nao ni wa ukoo huo huo, nyuso zao nazo zimelala, na mama alikuwa hana miwani. Kwa uso peke yake singeweza kujua. Ningejua kwa miundi. Wa bondeni wana miundi ya kahawia, wa kilimani ya bluu. Na miguu yote ya wale waliokaangwa mama aliinyonyoa.

"Miguu iko wapi?"

Alikuwa ameifunga kwenye karatasi ya matangazo, akaitia kwenye taka, na Swaleh, mume mwema, akaondoka na taka.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, mimi na gauni langu la kanisani, nusu ya mwili ndani ya pipa kubwa la taka nyuma ya jengo, jua la mchana linanichoma kisogo. Jirani yetu Mkongomani alikuwa anaosha gari lake. "Dada, unatafuta nini kwa pubele?" akauliza. "Miguu ya panzi," nikamjibu. Akafunga bomba la maji, akaingia ndani kimya kimya. Namwelewa.

Niliupata mfuko wetu. Nikapanda nao, nikaikunjua ile karatasi mezani, nikaleta lenzi yangu ya mkononi, na nikaanza kuitenga miguu kwa kibanio.

Kahawia. Kahawia. Kahawia. Nilikuwa naanza kupumua.

Bluu.

Na chini yake bluu nyingine. Na nyingine, zimenasa kwenye mabawa. Nimezitazama rangi hizo msimu mzima nikizisifu uzuri wake, leo nilitamani zisiwepo. Niliweka lenzi chini nikachukua simu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni ya jiko, mikono kati ya magoti. Akauliza, "Hiyo dawa inaua mtu?" Nikamwambia sijui, inategemea amekula wangapi. Akauliza, "Hata aliyekula kidogo?" Nikasema, mama, sijui! Simu iko sikioni, nilikuwa nimepiga namba ya ushauri wa sumu, nangoja kujibiwa. Akauliza tena, pole pole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Na aliyekula kidogo tu, Koku?"

Niliudhika. Nilimwambia anyamaze.

Ee Mungu, nilimwambia anyamaze.

Yule dada wa simu alikuwa mtulivu. Akauliza jina la dawa, nikampa. Akauliza mgonjwa ana umri gani, anatoka jasho jingi, mate yanamjaa mdomoni, tumbo linamkata, macho yanaona sawasawa? Nikawa namjibu sijui, sijui, hayupo hapa, na kila swali nalirudia kwa Kiswahili kwa sauti, sijui kwa nini, labda nilikuwa nataka mtu wa kunisaidia kubeba. Mama alikuwa anasikia kila neno.

Hapo Swaleh akapiga. Nikamwomba dada asubiri. "Koku, kuna nini? Nimepaki kando, abiria wanashangaa, ume-panic nini?" Nikamwuliza anajisikiaje, tumbo, macho, mate. Akasema yuko sawa, hana neno. Nikamweleza. 

"Usinitukane," akasema. "Wallahi mimi sikuwala. Nilijaribu. Nilitia mmoja mdomoni, nikaenda kumtema chooni. Mama alipoingia chumbani nikafunika sahani na foili, nikamwambia kwa mlangoni ahsante mama, tamu sana, nikachukua taka nikatoka. Sahani niliiacha imejaa, Koku. Yamkini bado iko hapo."

Niligeuka kutazama. Sahani ilikuwa kwenye kabati la kukaushia vyombo, imeoshwa, inang'aa.

Mama alikuwa anatazama sakafu. Paji la uso lilikuwa limejaa jasho. Nilikuwa nimeliona jasho lile dakika zote hizo, nikadhani ni joto, nikadhani ni aibu ya kumlisha mkwe sumu. Akameza mate. Akameza tena.

"Mama. Nani alikula?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono, ilikuwa imelowa. Nikamwuliza tena, mara hii kwa Kihaya, kama mtoto.

"Nilikuwa naonja chumvi," akasema.

Yaani mama yangu, mwanamke aliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, aliyetuchapa kwa kuficha vidonda vya miguuni, alikaa pale akisikiliza orodha ya dalili, akizihesabu mwilini mwake moja moja, na hakufungua mdomo.

Sikumbuki vizuri jinsi nilivyoendesha gari mpaka hospitali. Nakumbuka nilikuwa namsemesha ili asisinzie, na yeye anaomba msamaha kwa ajili ya mayai. Walimpokea haraka, yule dada wa simu alikuwa ameshawaarifu. Wakamwekea waya kifuani na dripu mkononi. Alitapika, akatetemeka kidogo, daktari akamulika macho yake, akasikiliza kifua, akasikiliza tena. Aliniambia nimwulize amekula wangapi. Mama akatazama mlangoni, kwa sababu Swaleh alikuwa amefika na sare yake ya kazi, anahema. Mpaka nilipomwomba Swaleh atoke ndipo mama aliponivuta sikio lake mwenyewe karibu na mdomo, yaani nimechanganyikiwa, sikio langu, akaninong'oneza.

"Wote."

Nikamtafsiria daktari. Sahani nzima. Daktari akaandika bila kubadilisha uso, kwake ni kipimo tu. Mimi nilitoka nje ya pazia nikaegemea ukuta.

Kwa jinsi Mungu alivyo mwema, wa bluu walikuwa wachache ndani ya ile sahani, na mwili wa mama umeishinda dawa. Walimkalisha mpaka jioni, wakapima damu, wakaridhika, wakamruhusu. Swaleh aliingia mwishoni, akasema shikamoo mama, akajikuna kichwa. Akakiri kwamba hakula, kwamba alisema uongo, kwamba kwao panzi si haramu ila roho yake ndiyo haikubali. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, na Swaleh naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka muuguzi akachungulia. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa bado naona kile kiti cha pembeni ya jiko.

Kesho itabidi nimwambie msimamizi wangu kwamba kazi ya msimu imeliwa. Nimejaribu kuitunga sentensi hiyo kwa Kiingereza, haikai sawa. Huenda nikarudia nyika ya kilimani, huenda tasnifu ikachelewa. Kwa leo hilo halinikeri hata kidogo, na hata hilo linanishangaza.

Kwenye gari wakati wa kurudi, mimi na mama tulikuwa peke yetu, Swaleh ametangulia. Tulipokaribia nyumbani akaniita.

"Koku."

"Abee mama."

"Walikuwa watamu."

Nililazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Mama yangu ana wajukuu. Amenyonyoa senene tangu akiwa msichana, amewakaangia baba yake, kaka zake, mume wake, wanawe wa kiume, na mara ya kwanza anakula akashiba, amekula panzi wa nyika, wagumu, wa sumu, amesimama jikoni peke yake, masikio kayaelekeza mlangoni asije akafumaniwa. Akawaona watamu. Na nilipoingia akachagua kufa kuliko kusema.

Nilimkumbatia pale pale, mkanda wa gari unatubana. Nikamwambia pole. Sikujua nampa pole ya nini hasa.

Sasa amelala chumbani, naisikia pumzi yake, nimeshakwenda kumtazama mara kadhaa. Nimempigia dada yangu kule Bukoba kumwambia mama yu mzima, na nikamwomba ampe mtu anayekuja huku senene waliokaushwa, senene wa kweli. Wakifika nitawapasha moto mimi mwenyewe. Nitaweka sahani katikati ya meza, mchana, Swaleh amekaa hapa, mimi hapa, mama pale. Sitamhimiza.

Sijui kama atanyoosha mkono.